Maji Yaliyomwagwa Bila Hodi

Ubaya ulianza na shuka moja. Mwanamke wa pasi aliliona likitoka mashineni na doa la kutu, na alipolikunjua akakuta doa lina vidole vitano, vifupi, vya mtoto. Akalirudisha lifuliwe. Kufikia Ijumaa yalikuwa yamerudishwa mashuka kumi na moja.

Bramwel Obuya, injinia wa kiwanda hicho kikubwa cha kufulia nguo cha Hurlingham, hakuwa mtu wa kutishwa na kutu. Kutu kwake ilikuwa hesabu tu: hewa imeingia kwenye maji au dawa imepungua, basi. Akachota maji ya boila, pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kupeleka mvuke mashineni, akadondosha dawa ya kupimia, akangoja yageuke rangi ya waridi kama kawaida. Hayakugeuka. Akaongeza dawa maradufu. Maji yakabaki vilevile, ila sasa yalinuka maziwa yaliyoungua.

Hapo kabla boila lilitunzwa na Mzee Shamir, miaka ishirini na saba. Maji yakichemka yakawa mvuke, chumvi na matope hubaki chini, na yasipotolewa hula chuma. Kwa hiyo mara tatu kwa siku mzee alifungua vali, ile koki ya chini, na kuyamwaga shimoni nyuma ya jengo, yakiwa moto wa kubabua. Lakini kwanza aligonga bomba mara tatu, akasema, "Bismillahi, jamani tupisheni," akangoja kidogo, ndipo akafungua. Ni adabu ambayo mama wengi wa Kiislamu huwafundisha binti zao kabla ya kumwaga maji moto uani, maana majini walio chini ya ardhi nao wana watoto. Bramwel alimcheka. Akaagiza vali ya kufunguka yenyewe, akaitegesha kwa saa zilezile za mzee, kisha akamshawishi tajiri wao, Bhagwanji, kwamba Shamir hahitajiki tena.

Wiki ya tatu ya vali mpya, Hannah, binti yake wa miaka minne, akaanza kutoka malengelenge mgongoni. Daktari aliyatazama, akauliza kwa sauti ya chini ni nani nyumbani anayemchoma mtoto kwa maji moto. Bramwel na mkewe Debra wakarudi kwao Kileleshwa, wakamfukuza Ciru, yaya aliyemlea mtoto tangu azaliwe, akaenda zake akilia bila kujua kosa lake. Ilikuwa dhuluma, na haikusaidia. Kesho yake mchana lengelenge jingine lilitoka Hannah akiwa mapajani mwa mama yake, nguo kavu kabisa.

Debra ndiye aliyeitazama saa.

"Baba Hannah," alinong'ona kwenye simu, "ni saa sita kamili. Asubuhi ni saa kumi na mbili, na jioni hivyo hivyo. Kila siku. Ni nini hufanyika hizo saa?"

Bramwel alijua ni nini. Alikimbia hadi chumba cha boila, akazima moto, akawaambia wanawake wa pasi waende nyumbani, akaanza kuing'oa vali, na kadiri alivyozungusha spana ndivyo alivyozidi kusikia, ndani ya chuma kilichokuwa kikipoa, sauti ya mwanamke akibembeleza, taratibu, kama anayembembeleza mtoto ambaye amelia hadi sauti imemkauka, na chini ya sauti hiyo kulikuwa na kikohozi kidogo, kimoja, kisha kingine, mpaka vali ikaanguka sakafuni na kukawa kimya. Jioni hiyo, vali ikiwa bado sakafuni na boila likiwa baridi, Hannah alipiga yowe saa kumi na mbili.

Asubuhi Bramwel alimwendea Mzee Shamir na kumwomba msamaha. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi si mganga, injinia," akasema. "Mimi nilikuwa nasalimia tu."

Hata hivyo alikuja. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya shimo, akagonga bomba mara tatu, akatoa salamu, akainama kusikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu mama wa shimoni alikuwa na mtoto mmoja tu," akasema hatimaye. "Mara sitini na tatu ulimmwagia mtoto huyo. Ngozi yote imetoka."

Bramwel akauliza anataka nini, kama ni mbuzi, kama ni kulihamisha boila, chochote.

"Hataki kitu. Anahesabu. Ya mtoto wako imefika kumi na tisa."

Bramwel akapiga magoti kwenye matope. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mwambie anichukue mimi," akasema. "Hannah hajui kitu. Ni mimi niliyeiweka hiyo vali. Anichome mimi."

Mzee aliinama tena. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Anasema hata yeye aliomba hivyo. Kila vali ilipofunguka, aliomba maji yamwangukie yeye."

Bramwel alifuta matope mkononi. Alitazama saa yake. Sita kamili. Mzee akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke.

"Ishirini," ikasema.

Kisha simu ya Bramwel ikalia mfukoni.