Nusu ya Diski Iliyotoweka Koboko

Kompyuta ilikuwa mezani, nzima kabisa, na bado Daktari Eyotaru alishikilia kwamba imeibwa.

"Si yote, afande. Nusu yake."

Inspekta Ezati wa upelelezi alikuwa amekula vumbi kutoka Arua hadi Koboko asubuhi hiyo, nyuma ya lori la wanajeshi, kwa sababu mwaka ule wa 1997 hakuna aliyeiamini barabara ile kwa ajili ya waasi. Hakuwa na hamu ya mafumbo.

"Nusu ya kompyuta inaibwaje?"

Daktari alimwita mwanamke mrefu aliyekuwa ameinama juu ya kibodi. Natalina alikuwa mkimbizi kutoka Sudan, aliyesomea kompyuta Khartoum kabla ya kukimbia. Mashine ile ilikuwa ya watu wawili: kikosi cha Daktari Eyotaru cha kupambana na malale, ule ugonjwa wa usingizi, na Loro wa ofisi ya elimu ya kanisa. Programu ya malale ilikuwa ya zamani na ilikataa kufanya kazi nje ya mfumo wa DOS. Programu ya kuchapa vitabu vya kanisa ilitaka Windows tu. Natalina aliigawa diski moja sehemu mbili, akaweka mfumo mmoja huku na mwingine kule. Tangu hapo mashine ilipowashwa ilikuwa inauliza: unataka upande gani? Watu walikuwa wakitoka sokoni kuja kulitazama swali hilo.

"Leo haikuuliza," Natalina alisema. "Ilienda Windows moja kwa moja. Upande wa DOS hapana iko."

"Kulikuwa na nini?"

"Majina na vipimo vya wagonjwa zaidi ya mia tatu," daktari alijibu. "Wengi bado hawajaambiwa kuwa wana malale. Tusipowapata, watalala hadi wafe."

"Nakala?"

"Disketi zilikuwa kwenye droo. Hazimo."

Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole vya kila mtu zilijaa kwenye kibodi, kwa hiyo hazikusaidia kitu. Funguo zilikuwa tatu: ya Natalina, ya Loro, na ya Paulino wa maabara. Ezati alianza na Loro, maana upande wa kanisa haukuguswa.

"Ulikuwa unalalamika kwamba nafasi haitoshi."

"Nililalamika, ndiyo. Vitabu iko mingi."

"Basi ukajipanulia."

"Angalia mwenyewe, afande. Ile nafasi bado iko bure. Mutu anaiba shamba, halafu hapana lima?"

Ezati alimgeukia Natalina. Naye akaitikia kwa kichwa: nusu ile ilionekana tupu, haina mwenyewe. Basi mwizi hakutaka nafasi. Alitaka majina yapotee.

"Labda hayajapotea," Natalina alisema polepole. "Diski iko na jedwali ndogo mwanzoni. Inasema upande huu unaanzia hapa, unaishia pale. Mutu ametoa mstari wa DOS. Ametoa mpaka tu. Kama hakuna aliyeandika juu yake, vitu bado iko ndani."

"Utajuaje upande huo uliishia wapi?"

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Jirani yake bado iko. Pale Windows inapoanzia, DOS ilikuwa inaishia."

Baba yake Ezati alikuwa amegombania mpaka wa shamba huko Omugo karibu maisha yake yote. Inspekta alielewa mara moja. Akavuta kigoda, akakaa nyuma ya mwanamke yule, na kwa kitambo akasahau kwamba yuko kazini.

"Si utumie kile kifaa ulichotumia kuigawa diski?"

"Hapana. Kile kikitengeneza sehemu mpya, kinaandika juu yake ili kuijaribu. Kitaharibu. Hii ni ya mkono."

Aliingiza tarakimu moja moja. Alisita, akafuta, akahesabu upya kwa midomo bila sauti. Jasho lilimtiririka shingoni. Ezati alikuwa amewaona wafungua makasha na wataalamu wa bunduki, lakini hajawahi kumwona mtu akifukua kitu asichoweza kukigusa. Natalina alizima mashine, akaiwasha.

Mashine iliuliza: unataka upande gani?

Daktari alijiziba mdomo kwa viganja. Loro alipiga makofi. Paulino, kijana mwembamba wa maabara, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe.

"Majina yote yamerudi?" aliuliza.

"Yote," Natalina alisema.

"Hata ya wiki hii?"

Aliuliza kama mtu anayesikiliza hukumu. Akatoka. Ezati alimfuata hadi nyuma ya maabara.

"Disketi umeweka wapi?"

"Disketi gani, afande?"

"Paulino."

Kijana alitazama chini. "Nilizitupa chooni."

"Nani alikufundisha kuondoa ule mstari?"

"Yeye mwenyewe. Alipogawa diski nilisimama nyuma yake. Hakumnyima mutu aliyeuliza."

"Sasa niambie kwa nini."

Paulino alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilipima maji ya mgongo wa mama yangu, Viktoria. Niliwaona wadudu wa malale kwa macho yangu, wanaogelea. Nikaandika jina lake. Halafu nikamkumbuka dada yangu Santa. Ile dawa ni sumu, afande. Inaponya wengi, inaua wachache. Santa alikufa kwenye sindano ya tatu. Mimi ndiye nilimzika."

"Si ungefuta jina moja?"

"Daktari ana namba ya kila chupa ya kipimo. Jina moja likikosekana, angeuliza. Yote yakikosekana, wangepima upya. Ningepata muda wa kumpeleka Congo kwa ndugu."

"Na wale mia tatu?"

"Niliwafikiria baadaye."

Ezati alimfunga pingu. Kabla ya kuondoka alirudi ndani, akampa Natalina mkono. "Mama," alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, "kazi kama hii sijaiona."

Walipitia nyumbani kwa Viktoria. Alikuwa amekaa mlangoni, jembe mkononi, macho mazito saa sita mchana. Daktari Eyotaru alimweleza yote: ugonjwa, hatari ya dawa, na alichofanya mwanawe.

Mama alimtazama Paulino ndani ya gari.

"Nani alimwambia mimi naogopa sindano?" aliuliza. "Mwaka wa sabini na tisa nilivuka hadi Congo na watoto wanne, risasi nyuma yangu. Huyu nilimbeba mgongoni. Anayeogopa ni yeye."

Akachukua shuka yake, akapanda mwenyewe, akakaa kando ya mwanawe na kumwegemea begani.

"Nikilala," alisema, "niamshe tukifika hospitali."

Alilala kabla gari halijatoka Koboko. Paulino alikaa wima njia nzima, mikono ndani ya pingu, asithubutu kusogea. Gari lilipoingia langoni mwa hospitali, alimwamsha.