Aliyekataa Mvuke

Mwanamume wa Savo, kule Ufini, akikataa mvuke wa sauna Jumamosi, ama kafa ama yuko njiani. Ndivyo Saima alivyolelewa. Kwa hiyo Oiva aliporudi kutoka ziwani akasema, "Mimi leo mvuke sitaki, nenda peke yako," mkewe alibaki na taulo mkononi kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake kajifunza kusoma.

"Una homa?"

"Sina."

"Umelewa?"

"Niache, Saima."

Hilo nalo! Oiva hakuwa mtu wa kusema niache. Alikuwa mtu wa kubisha mpaka uji upoe.

Akaketi mbali na jiko, karibu na mlango, penye baridi. Chakula kilipowekwa, alisukuma viazi pembeni, akamchukua samaki aliyekuwa bado hajapikwa, akamla na ngozi yake. Alipoinuka, kiti kilikuwa kinachuruzika maji. Nyumba ikanuka tope la chini kabisa ya ziwa, tope lisilojua jua.

Saima akajitanda shali, akavuka njia hadi kwa Tauno, aliyekuwa amekwenda na Oiva kuvua.

"Mmefanya nini huko?"

Tauno akatazama buti zake. "Tulitoboa upande wa mwambani. Barafu nene, keekee ikazama mpaka mpini ndipo maji yakapanda. Mumeo akasema kumbe kazi yote hii ni ya kuchimba choo. Akakojoa mle tunduni."

"Akakojoa!"

"Nikamwambia, taka radhi, maji yana wenyewe. Akacheka, akasema samaki hawana pua. Hapo maji yakashuka tunduni, kama mtu anayevuta pumzi. Akainama kuchungulia. Alipoinuka, shemeji, hakunijua."

"Na wewe ukamwacha aje nyumbani kwangu."

"Ningempeleka wapi? Kwangu?"

Saima alirudi, akajilaza kando ya mumewe kwa sababu mwanamke hakimbii kitanda chake. Mgongo wa Oiva ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje, na alipoweka sikio hapo akasikia ndani kitu kikizunguka polepole, krr, krr, kama keekee inayotoboa kutoka upande wa pili, ikitulia, ikianza tena, ikisogea juu kidogo kila mara, kuelekea kooni, kuelekea mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa wazi gizani ukitoa harufu ya matete yaliyooza, nao ukanong'ona kwa sauti ambayo hajapata kulala nayo: "Joto hili ni la nani?"

Asubuhi alimleta Bibi Loviisa, mwanamke wa kuumika watu kwa pembe. Bibi alimtazama Oiva mara moja tu.

"Washa sauna."

"Haingii, Bibi. Wanaume wanne hawamvuti."

"Nani kasema avutwe? Mumeo bado yumo humo. Mtukane."

Basi Saima akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Oiva! Tauno anasema huwezi joto. Anasema mawe ya moto yakimwagiwa maji unalia kama ndama. Nami nimemwambia ni kweli, tangu tuoane!"

Kisha ndani ya yule mtu, mbali, kama mtu anayepiga kelele kutoka kisimani: "Tauno? Tauno yule?" Na miguu ikaanza kutembea yenyewe.

Ndani ya sauna Bibi alichanja mgongo, akabandika pembe, akafyonza. Haikutoka damu. Yalitoka maji meusi ya baridi, pembe baada ya pembe, mpaka ndoo ikajaa.

"Wewe ni nani?" Bibi akauliza.

"Mwenye nyumba," likajibu. "Mmetoboa dari yangu, mkachafua kitanda changu."

"Tunataka radhi. Mtoto wetu mjinga. Rudi kwako."

Oiva akaanguka juu ya ubao. Bibi akampa Saima ndoo. "Mwaga tundu lile lile, kabla hayajaganda. Ukiitwa, usiitike. Jini ni mwongo."

Saima alikwenda haraka, ndoo ikimvuta bega, mpaka kwenye matawi ya msonobari ambayo Tauno aliyachomeka kuonyesha tundu. Akavunja utando wa barafu kwa mtaimbo aliokuja nao. Akamwaga. Maji yakamezwa bila kishindo.

"Saima."

Ilitoka chini ya barafu, na ilikuwa sauti ya Oiva hasa, ile ya kubisha.

"Saima, umenimwaga mimi. Yeye umemwacha kwenye mvuke."

Nyuma yake, kule ufukweni, mlango wa sauna ukafunguliwa, na sauti ile ile ya Oiva ikapaa juu ya theluji ikicheka. "Loviisa, ongeza maji! Hili nalo ni joto?"

Jini ni mwongo, sawa. Lakini yupi, wa chini au wa juu? Bibi hakusema.

"Saima, mke wangu, kuna giza."

Mdomo wake ulifunguka. Akaufunga kwa kiganja. Kwa mguu akasukuma theluji tunduni, nyingine, na nyingine, akaikanyaga kwa buti huku machozi yakimgandia mashavuni, na alikanyaga mpaka jina lake likaacha kuitwa. Kisha akachukua ndoo tupu, akarudi kwa yule aliyebaki.