Msomaji Ambaye Hakuwepo

Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu, na Mtii bado anamwaga.

Mtii alikuwa roboti wa kimo cha mtoto wa shule ya msingi, mwenye mikono minne na asiye na uso, ila kioo kidogo kifuani ambako maneno anayoyasoma yalipita taratibu. Kazi yake pale chuoni Morogoro ilikuwa moja tu: kusoma taarifa ya utafiti ya mwanafunzi na kufanya kilichoandikwa, hichohicho, bila kuongeza wala kupunguza. Tausi Kobelo alikuwa ameandika kwamba mifuko ya mabaki ya mkonge ya kuoteshea uyoga "ilimwagiwa maji ya kutosha kwa kuzingatia mahitaji husika." Mtii akatafuta palipoelezwa yanatosha yakifika wapi, hakupaona, akaendelea kumwaga.

"Mzimeni jamani," Tausi akasema, gauni kalikunja, viatu mkononi.

Msimamizi wake, Profesa Lukwele, alikuwa mlangoni anacheka mpaka kofia ikamdondokea majini.

"Mahitaji husika," akasema akiiokota. "Mwanangu, wewe ulikuwepo, unajua ulitia vikombe vingapi. Mtii hakuwepo. Mwandikie mtu ambaye hakuwepo."

Enzi za babu zao mashine zilikuwa zikiwaandikia wanafunzi tasnifu. Ziliandika vizuri mno, sentensi zinateleza kama mlenda, na ndani hamna kitu. Watu wakahitimu kwa tafiti ambazo hazikuwahi kufanyika. Vyuo vilipochoka kubishana nani kaandika nini, vikaleta watekelezaji kama Mtii. Mwanafunzi aandike mwenyewe au aandikiwe, shauri yake, lakini mtekelezaji akifanya ulichosema na kisitokee ulichodai, shahada huna. Kila mtu alipewa majaribio matatu, na la kwanza la Tausi ndilo hilo limeondoka na maji.

Utafiti wake ulihusu mbegu mpya ya uyoga iliyotengenezwa kwa ajili ya vyumba vilivyofungwa vya mijini. Mbegu yenyewe ilikuwa na maringo. Ilitanda mifukoni, nyeupe pe, kisha ikagoma kuchipua. Iligomea vyuo vitatu vikubwa. Kwa Tausi ilichipua, na sasa kilichobaki ni kueleza ilivyochipua hadi mtu mwingine naye aweze.

Basi wakakaa, mzee na binti, ofisini kwa Profesa, wiki baada ya wiki. Profesa alikuwa na kalamu nyekundu na hakuwa na huruma nayo.

"Neno hili linafanya kazi gani hapa?"

"Linapendeza, Profesa."

"Basi mpelekee shangazi yako avae."

Alimfundisha kutenganisha alichokiona na alichokidhani. Alimfundisha kutaja kazi za watu kwa heshima hata pale anapozipinga, na kukiri wazi asilolijua. Tausi alikuja mnene wa maneno makubwa, na kurasa zikaanza kukonda. Siku ya kwanza aliyorudishiwa ukurasa usio na wino mwekundu hata tone, aliupiga picha akamtumia mama yake.

Jaribio la pili lilikwenda vizuri kabisa. Mtii hakumwaga hata tone la ziada. Mifuko ikawa myeupe, wote wakasubiri, wakasubiri tena. Hakikutoka kitu.

"Nimefanya yote yaliyoandikwa," Mtii akasema kwa sauti yake tulivu. "Uyoga hakuna. Liko lililofanyika ambalo halikuandikwa."

Tausi alilijua. Alikuwa amelificha yeye mwenyewe.

Asubuhi moja, wakati wa utafiti, alifika akakuta mlango wa chumba cha uyoga uko wazi, baridi ya milima ya Uluguru imejaa ndani, na Profesa Lukwele ameketi kwenye kiti katikati ya mifuko, koti limelowa umande. Alikuwa hapo tangu alasiri ya jana yake.

"Usifunge," Profesa alimwambia. "Asteria analeta chai."

Mama Asteria, mkewe, walikuwa wamemzika miaka kadhaa nyuma, na Tausi alikuwepo mazishini. Akamshika mzee mkono, akamrudisha nyumbani, akafunga mlango na mdomo. Siku chache baadaye uyoga ukachipua, umeamshwa na ile baridi ya usiku. Kwenye taarifa akaandika kama vile mlango haukufunguliwa kamwe. Nani angemuumbua baba wa watu?

Sasa lilibaki jaribio moja. Akiandika ukweli, baraza la chuo lingemwondoa Profesa kazini, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Asipoandika, shahada inayeyuka, na uyoga unaoweza kulisha miji unabaki kwenye mifuko ukigoma. Alizunguka na jambo hilo kichwani siku nzima, kisha akaenda Bigwa, nyumbani kwa mzee.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

Akamweleza yote. Mzee hakumkatiza. Ilionekana wazi kwamba hakumbuki hata chembe.

"Nilisema Asteria?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, Profesa."

Akaangalia mikono yake. "Alikuwa mzito kweli kuleta chai, yule mama."

"Tunaweza kuandika kwamba mlango ulipata hitilafu," Tausi akasema haraka.

"Ulipata?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Watakuondoa, Profesa."

"Wataniondoa. Naipenda kazi hii, Tausi, na itaniuma, sikufichi. Lakini hebu nisikilize. Yanayoniponyoka yanazidi. Mwakani huenda mimi ndiye nitakuwa mtu ambaye hakuwepo, na nitataka kusoma nijue nilifanya nini. Andika ni nani, andika ni lini, andika kwa nini. Na tafadhali, usinirembe."

Tausi akaandika palepale barazani, huku analia na kujifuta kwa kiganja. Mzee alisoma nyuma ya bega lake, akafuta neno moja tu, "mpendwa," mbele ya jina lake mwenyewe. Halafu akalirudisha.

Katika jaribio la tatu Mtii alitayarisha mifuko na kufunga chumba. Siku iliyotajwa, alasiri, akaufungua mlango, akaweka kiti katikati, akaketi. Mikono yote minne akailaza magotini, kioo chake kikielekea njiani, na hivyo ndivyo alivyokaa hadi kulipokucha, akimsubiri mke wa mtu. Wajumbe wa baraza walikuja na karatasi zao, na hakuna aliyethubutu kucheka. Profesa alisimama kando akajitazama.

Uyoga ukatoka siku chache baadaye, rangi ya majivu, umesongamana mifukoni. Tausi akafaulu. Profesa akastaafishwa kwa barua yenye adabu nyingi.

Mwaka uliofuata Tausi alikwenda Bigwa na nakala iliyochapwa. Mzee alimkaribisha kwa heshima zote, akamuuliza anatokea wapi. Tausi hakujitambulisha, akamkabidhi tu ile taarifa. Mzee akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu mfukoni kwa mazoea, akaanza kusoma. Ukurasa wa mlango aliurudia kuusoma tangu juu. Kisha akaendelea hadi mwisho, na kalamu haikugusa karatasi.

"Nimeelewa kila kitu," akasema. "Huyu msimamizi ni mimi. Nilikuwa namsubiri mke wangu."

"Ndiyo, Profesa."

"Aliyeandika anajua kuandika. Mwanafunzi wa nani huyu?"

"Wako."

"Wangu mimi?" Akaketi wima, uso umemchangamka, akarudi ukurasa wa kwanza na kulisoma jina kwa sauti, polepole. "Tausi Kobelo. Mwambie aje, nimpe mkono."

"Amekuja, Profesa," Tausi akasema, akaunyoosha mkono wake.