Mkaguzi Akija, Taa Husinzia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Msasa alipangusa masizi mezani, dirishani na kwenye viatu vya mdogo wake. Jina la Msasa alipewa na bibi yake kwa sababu ya ulimi wake wa kukwaruza, na asubuhi hiyo ulimi ulipata kazi. Taa ya jikoni ilikuwa inasinzia, na wote waliokaa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda walijua maana yake: mkaguzi wa moshi anakuja.

Kiwanda cha mbao kilikuwa na mtambo wake mdogo wa umeme, uliochoma unga wa mbao na magome mabichi na kuwasha pia taa za nyumba hizo na zahanati. Siku za kawaida bomba lilitapika moshi mweusi. Siku ya ukaguzi meneja aliamuru tanuri lipewe kuni kavu, tena kidogo. Moshi ukawa mwembamba, umeme ukapungua, misumeno ikanyamaza, naye meneja akavaa kofia nyeupe isiyojua vumbi. Huo ulikuwa ujanja wa kitoto, ila walioufanya walikuwa na mvi.

"Na wewe Baba ndiye unayeuchochea huo uongo wao," Msasa alisema.

Baba yake, aliyekuwa akichochea moto wa tanuri, aliogopa kufukuzwa kazi. Alichukua glavu zake akatoka. Msasa alimdharau, wala hakuficha.

Haikupita muda, kifua cha mdogo wake kikabana. Msasa alimbeba mgongoni hadi zahanati ya kiwanda. Muuguzi akamvika barakoa ya mashine ya kuvutia dawa, lakini mashine ilikoroma tu kwa uhaba wa umeme. Mbavu za mtoto zilipanda na kushuka. Muuguzi akaagiza baba yake aitwe upesi.

Meneja naye akaingia akimtembeza mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, akimhakikishia kwamba moshi huwa mwembamba hivyo siku zote.

"Shikamoo, mama," Msasa alisema. "Tafadhali usiondoke. Mwambie meneja aongeze umeme ili mdogo wangu apumue, halafu utazame bomba."

Meneja alicheka, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mkaguzi akamgeukia baba, aliyefika mlangoni akitiririka jasho, akamuuliza kama kuna ukweli. Baba alimtazama meneja, kisha mwanawe aliyekuwa akihema.

"Ni kweli," alisema. "Nakwenda kuchochea kama siku zote. Utaona mwenyewe."

Baada ya muda taa ziliwaka sawasawa, mashine ikanguruma, mtoto akaanza kuvuta pumzi. Nje ya dirisha, moshi mweusi ulijikunja juu ya mapaa. Meneja alivua kofia yake nyeupe, asijue pa kuiweka.

Mtambo ulifungwa kwa amri ya mkaguzi mpaka ulipowekewa kichujio cha moshi na kujengewa banda la kukaushia kuni. Siku ulipowashwa tena, Msasa alipangusa meza, na kitambaa kikabaki safi. Baba alikuwa amekaa karibu yake.

"Ulikuwa na haki ya kunidharau, mwanangu," alisema. "Tulimficha moshi mkaguzi anayekwenda kulala kwake mbali, na sisi ndio tunaouvuta. Ukiona uongo unaumiza watu, mwambie anayeweza kuukomesha, hata kama mwongo ni baba yako."

 Msasa alimpa baba yake kitambaa, wakamalizia dirisha pamoja.