Tambi Saba za Taa

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi yake Sindano alioga, akaketi mbele ya kabati dogo la ukutani na kuwasha taa ya samli mbele ya sanamu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Kisha aliimba. Sauti yake, amini usiamini, iliwahi kuamsha saa iliyokufa miaka tisa mezani kwa baba yake Sindano, fundi saa.

Dini yao ni Uhindu. Wengi hudhani ibada ya Wahindu ni kazi ya kuhani hekaluni tu; hawajui kwamba katika nyumba nyingi taa ya kila siku imo mikononi mwa wanawake.

Bibi alipolazwa hospitali wiki moja, alimwachia Sindano kopo lenye tambi saba za pamba alizosokota mwenyewe. Utambi mmoja kwa siku.

Siku ya kwanza baba alikwisha kwenda kazini. Nyumba ilikuwa kimya. Sindano alifungua mdomo aimbe, ikatoka sauti ya panya aliyebanwa na mlango. Akafunga kabati, asilifungue tena. Alikunywa chai peke yake, akikitazama kiti kitupu cha bibi. Bibi alipomuuliza hospitalini, alijibu kwamba taa inawaka vizuri. Siku ya saba akazitia tambi zote mfukoni.

Bibi alirudi, akalikuta kopo tupu. Akamsifu mjukuu wake kwa jirani mpaka Sindano, mwembamba kama jina lake, akatamani kupenya kwenye tundu la kitasa. Jirani alipoondoka, alizitoa tambi, zimejaa maganda ya penseli.

"Bibi, sikuwasha hata moja. Niliogopa kuimba peke yangu."

Bibi alizihesabu, akaguna. Akasimulia kwamba alipokuwa bi harusi, mama mkwe wake alisafiri akamwachia taa hiyohiyo. Aliiwasha siku mbili, akalia siku tano.

"Hekaluni yuko kuhani," alisema. "Humu ndani ni mimi, na nisipokuwepo ni wewe. Sauti ndogo si kosa. Kosa ni kuniacha nikusifu kwa jambo ambalo hukulifanya. Saraswati hakukosa mwanga, mjukuu wangu. Aliyekaa gizani wiki nzima ni wewe."

Asubuhi iliyofuata bibi aliketi kando. Sindano alipangusa utambi mmoja, akauwasha, akaimba kwa sauti yake ya panya. Bibi hakumsaidia hata neno. Hakuna saa iliyoamka. Lakini baba, aliyekuwa mlangoni na kiatu kimoja mguuni, alirudi akaketi mpaka wimbo ukaisha.