Fundi wa DX Nyeupe

Siku ya soko pale Chepseon kila mtu hupiga kelele, lakini Ijumaa ile kelele ya Kimeli ilizishinda zote. Alimpigia honi punda aliyebeba mitungi ya maji. Punda akapita zake, honi ikabaki. Ilishika, ikakataa kuachia. Wauza mitumba wakageuka, watoto wakaanza kulia, na mama mmoja wa kabeji akaziba masikio kwa viganja.

"Wewe! Zima hiyo kitu!"

"Najaribu, mama. Pole, mama."

Kimeli alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa kupima majani chai huko upande wa Litein. Gari lenyewe lilikuwa Toyota DX nyeupe, ya zamani kuliko yeye, na alilipenda kuliko chakula. Alikuwa amelipaka rangi mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama yake, akalitia rimu pana, akakata springi ili lilale chini kama yale anayoyaona kwenye simu. Siku hiyo alikuwa anatoka Nakuru kununua taa za mbele. Alishuka na miwani yake ya jua, akafungua boneti, akasimama akizitazama waya kama mtu aliyeandikiwa barua kwa lugha asiyoijua.

Ndipo msichana mmoja alipoinuka kwenye vitunguu vyake. Alikuwa amevaa sweta jekundu na leso kiunoni juu ya suruali ya jinzi, nywele amezifunga kwa kitambaa. Hakusalimia. Aliinama, akaingiza mkono nyuma ya grili, akachomoa waya mmoja. Soko zima likanyamaza, kisha likapiga makofi.

"Hii waya imechubuka hapa, inagusa bodi," alisema. "Ifunge na tepu."

"Asante, sista. Hata mimi nilikuwa naenda kuitoa hiyo hiyo."

"Ulikuwa unaenda kuitoa lini? Krismasi?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Uongo ule ulikuwa mdogo, na msichana naye aliucheka. Aliitwa Nyamoita. Kimeli alinunua vitunguu ambavyo mama yake hakumtuma, akaomba na namba ya simu, akaacha na yake. Jioni ile ile simu ya Kimeli ikalia.

"Umefika?"

"Nimefika, mpenzi. Eh, samahani. Nimefika, Nyamoita."

"Hapo mwanzo umesema nini?"

"Nimesema nimefika."

"Haya. Honi imelala?"

"Honi imelala. Mimi ndio sijalala, nakufikiria."

"Saa moja jioni utalala aje? Kwani wewe ni kuku?"

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kila Jumamosi, baada ya kazi ya asubuhi, Kimeli aliendesha DX yake kutoka Litein mpaka nyuma ya soko la Chepseon, ambako Nyamoita aliishi na mama yake, Janefer. Marehemu baba yake, Mageto, alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba moja la chai, na alikufa akiwa amemfundisha binti yake kila alichokijua. Pikapu yake ya Datsun ilikuwa bado uani chini ya mabati. Nyamoita ndiye aliyeitunza, na ndiyo iliyobeba vitunguu.

DX ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inazima mlimani na kunywa mafuta bila kiasi. Nyamoita aliifungua kabureta juu ya gunia, akapanga vipande vyake kwenye kifuniko cha sufuria.

"Ona hii floti, hii boya ya mafuta. Iko juu sana, mafuta inafurika. Nani alifungua hii?"

"Ni mimi. Nilitazama video."

"Video ya nini? Ya kupika?"

"Wacha kunicheka, roho yangu."

"Sikucheki. Nashangaa tu. Na hizi springi, nani alikutuma ukate? Gari inatembea na magoti."

Zilipita Jumamosi tano. Nyamoita aliset floti, akaset tapeti za valvu, akatengeneza klachi, akahamisha waya zote zilizokuwa zinaning'inia. Kimeli alishika spana alizoambiwa ashike, akainua alivyoambiwa ainue. Siku walipoiwasha ikaunguruma polepole, sawasawa, bila kutetemeka, Kimeli alimshika Nyamoita mkono uliojaa grisi.

"Nakupenda," alisema. "Si kwa sababu ya gari."

"Najua. Mtu hawezi kupendwa kwa sababu ya gari kama hii."

"Nyamoita, sitanii. Jumapili ijayo kundi letu linakutana Bomet. Nataka watu wangu wakuone. Nataka wajue wewe ni nani."

Nyamoita aliinamisha kichwa, akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Kundi lenyewe waliliita Jifanyie. Walikuwa watu kama ishirini wa Kericho na Bomet, walimu, madereva, wakulima wa chai, wote wenye magari ya zamani waliyoyatengenezea nyumbani. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna fundi. Ukija unafungua boneti, unanyoosha mikono watu waione, unasema ulichofanya na nani alikusaidia. Kusaidiwa kidogo haikuwa kosa. Kufanyiwa ndiyo ilikuwa kosa, na aliyefanyiwa alirudi nyumbani na gari lake.

Jumamosi nzima Nyamoita alisugua mikono yake kwa sukari na sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma, asije akamwaibisha Kimeli mbele ya watu wake. Jumapili alitoka na gauni la njano lenye mkanda, viatu vyeupe, kucha safi. Kimeli naye, na hili ni aibu kulisema, asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani alichovya vidole kwenye oili chafu, akaisugua ndani ya kucha moja baada ya nyingine.

Uwanja ulikuwa na jua na harufu ya nyama choma. Mwenyekiti, mzee Kipkemoi, mwalimu mstaafu mwenye Peugeot ya bluu, alipita gari kwa gari na kofia yake ya sufu. Alipofika kwenye DX aliinama, akasikiliza injini, akainuka akitabasamu.

"Kimeli! Hii gari juzi ilikuwa inakohoa. Sasa inaongea kama pasta. Nani amefanya?"

Nyamoita alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alishasogea kidogo na kunyoosha gauni lake, akisubiri kuitwa.

Kimeli alimwona. Aliwaona pia akina Zack na Kipkurui wa kundi lao waliojipanga nyuma ya mwenyekiti, wenye midomo mirefu. Akawazia watakavyomcheka: amefanyiwa, na mwanamke, tena muuza vitunguu. Akanyoosha mikono yake michafu.

"Ni mimi, mwenyekiti. Mimi mwenyewe."

"Safi! Na huyu dada?"

"Huyu? Huyu ni rafiki tu. Aliomba lifti."

"Karibu, dada. Sasa, Kimeli, hebu tufundishe. Kabureta ilikuwa inafurika. Ulifanya nini?"

Kimeli alifungua mdomo. Jina la kile kitu likampotea. Watu wakangoja, na Zack akaanza kutabasamu. Kisha sauti ikatoka pembeni, ndogo na ya adabu.

"Alishusha floti. Nilikuwa nimepita hapo, nikamwona."

Wakapiga makofi. Kimeli akapigwa mgongoni, akaitwa injinia, na kila kofi lilimchoma. Kama angezomewa ingekuwa afadhali.

Walipoondoka, Nyamoita alifungua mlango wa nyuma.

"Kaa mbele, mpenzi."

"Mtu wa lifti anakaa nyuma."

Walipita Litein, wakapita mashamba ya chai. Kimeli alimtazama kwenye kioo. Nyamoita alitazama nje. Mjini Kericho akasema ashushwe.

"Nitakufikisha mpaka nyumbani. Nyamoita, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Nimesugua mikono yangu mpaka ikatoka damu ndio nisikuaibishe. Wewe umepaka yako oili." Hakupaza sauti. "Gari chukua, sina maneno na gari. Lakini uliniambia nije nionekane, nikaja, ukanificha nikiwa nimesimama hapo. Halafu mimi, mjinga, nikakudanganyia watu. Usinipigie."

Alipiga. Alipiga mara nyingi hata simu ikachoka. Kituoni alipima majani bila kuona mizani, akina mama wakimrudisha: "Karani, soma tena." DX aliiacha chini ya mti. Kila alipoiwasha ilinguruma vizuri, na uzuri huo ndio uliomkera, maana kila mlio ulimwambia yeye ni mwongo. Mama yake, Rebeccah, alimuuliza yule msichana wa vitunguu yuko wapi. Akasema yuko sawa. Na huo pia ulikuwa uongo.

Jumatano mwenyekiti akampigia, akamsalimia kwa Kikalenjin.

"Injinia! Chamgei!"

"Chamgei mising, mwenyekiti."

"Jumapili tuko kwangu Silibwet. Kuna watu wapya. Nataka ufungue kabureta ya Peugeot yangu, wakuone ukifanya. Sawa?"

Kimeli alitafuta kisingizio. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema ana harusi. Alivipima vyote, akajichukia.

"Sawa," akasema.

Jumapili wakakusanyika uani, spana zikiwa zimepangwa juu ya taulo safi, mke wa mwenyekiti akigawa chai. Boneti ya Peugeot ilikuwa wazi. Kimeli alichukua bisibisi, akaigeuza mkononi, akairudisha.

"Mwenyekiti, mimi siwezi kufungua hii."

"Kwa nini? Spana imekosekana?"

"Sijui kufungua. Ile DX sikufanya mimi. Nilifanyiwa na msichana mmoja wa Chepseon. Mimi nilikuwa nashika tu. Ile oili nilijipaka."

Zack akapasuka kicheko. "Kumbe alifanyiwa na dem!" Wengine wakafuata, na Kimeli akasimama pale kichwa chini, masikio yakimwaka, akitamani aingie ndani ya ile Peugeot afungiwe boneti. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alibandua kibandiko cha kundi kwenye kioo cha DX iliyoegeshwa hapo uani, taratibu, kwa ukucha.

"Nilikuwa nakuheshimu," alisema. "Enda nyumbani."

Ijumaa iliyofuata Kimeli alikuwa Chepseon kabla ya soko kujaa. Alilala njaa, akavaa shati lake la kanisani, akasimama mbele ya vitunguu.

"Nyamoita, nimewaambia. Wote. Wamenifukuza."

"Nimesikia." Aliendelea kufunga vitunguu mafungu mafungu, kucha zake nyeusi kwa grisi ya Datsun. "Zack alikurekodi, ametuma sauti yako kwa watu, ikafika hadi hapa. Nimeisikiliza mara mbili."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ulisema gari ilifanywa na 'msichana mmoja wa Chepseon'. Chepseon ina wasichana wangapi, Kimeli?"

Kimeli alikuwa amekuja akijiona ameshatubu, hata akategemea kukumbatiwa. Kumbe katika kutubu kwake kote alikuwa amelisafisha jina lake mwenyewe, na la Nyamoita hakulitaja. Aibu iliyompata hapo ilizidi ile ya Silibwet, kwa sababu hii hakuna aliyemcheka.

"Uliwaambia nani alifanya gari," Nyamoita alisema. "Mimi ni nani yako, hiyo hujawahi kuambia mtu."

Mama wa kabeji alikuwa ameacha kazi yake anasikiliza. Wa nyanya pia. Kimeli alitoa simu, akampigia mwenyekiti, akaweka spika.

"Ni nani? Kimeli? Bado uko na maneno?"

"Mwenyekiti, ile siku sikumaliza. Huyo fundi anaitwa Nyamoita, binti ya marehemu Mageto. Anauza vitunguu hapa Chepseon na anajua injini kuliko sisi wote. Na hakuwa ameomba lifti. Nilimleta niwaonyeshe mtu ninayempenda, halafu nikamwonea haya. Ndiye nataka kumuoa. Ukipenda uwaambie wote, hata Zack."

Mzee akakohoa.

"Sasa hiyo ya kuoa, yeye anasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Woi! Huyu kijana! Hata kuuliza anataka kufanyiwa!"

Soko likalipuka kwa kicheko. Mama wa kabeji alikaa chini kabisa. Nyamoita alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa mkono na kujipaka grisi shavuni.

"Nyamoita," Kimeli alisema. Hakuwa na pete wala maneno mazuri. "Sistahili, najua. Utanikubali?"

"Sikujibu hapa."

"Nitangoja."

"Hungoji. Kesho kutwa kuja nyumbani na mama yako na wazee wako. Mkae na mama yangu, muulize vizuri, mbele ya watu, na useme mimi ni nani. Hapo ndio nitajibu."

"Utajibu nini?"

"Utasikia pamoja na wengine."

"Dada!" sauti ya mzee ikatoka kwenye simu iliyosahaulika. "Mimi nitakuja na hao wazee. Na hii Peugeot yangu utaiangalia?"

"Lete tu, mzee."

Kimeli alitaka kumshika mkono, akaona haya, watu walikuwa wengi. Nyamoita ndiye aliyeushika mkono wake, hapo hapo katikati ya soko, wote wakiangalia, na hakuuachia haraka.