Kisanduku Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kutandika kitanda, kufagia maranda ya mbao uani, na kuwajibu wateja wa baba yake kwenye simu. Baba alikuwa seremala. Alisema vidole vyake vinaelewana na msumeno tu, kwa hiyo matangazo ya vitanda alimwachia bintiye, akampa na cheo: Mkurugenzi. Cheo kilimpanda kichwani kidogo.

Tangu mwezi uliopita kulikuwa na kazi ya nne, na hiyo baba hakuijua.

Chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango wake na intaneti yake, kilipangwa na kijana ambaye majirani walimwita Bwana Taratibu, maana hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja. Yeye pia aliishi kwa matangazo ya mtandaoni. Siku moja alimwita msichana mlangoni, akampa kisanduku cheusi, kidogo kuliko kitabu.

"Mkurugenzi mwenzangu," alisema, "nina akaunti ishirini za matangazo. Zote zikionekana zinatoka kwangu, wenye mtandao watazifunga. Hiki kikikaa kwenu, baadhi zitaonekana zinatoka kwenu. Kichomeke kwenye intaneti ya baba. Taa ikiwa nyekundu, zima, hesabu mpaka sitini, washa tena. Basi."

"Nimwambie baba?"

"Mzee ana kazi zake, usimchoshe." Akamkabidhi simu yenye kamera kali. "Na hii ni ya kupigia picha vitanda."

Msichana alihisi jambo hilo halijakaa sawa. Lakini kamera ilikuwa nzuri mno! Alikificha kisanduku nyuma ya kabati la vyombo, akakitunza kuliko madaftari yake.

Taa ya kisanduku haikupumzika. Baba akiwa uani, simu zote zimezimwa, nyumba kimya, bado ilipepesa, ikapepesa. Mtu fulani alikuwa akipita humo ndani, na msichana hakujua anabeba nini. Akawa anakula huku ameligeuzia kabati mgongo.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Askari wawili walikuwa wamefika; mmoja alibaki langoni, na wa kike, aliyevaa kiraia, akaingia pamoja na mama mmoja aliyemshika mkono mtoto mdogo. Jicho moja la mtoto lilikuwa limefungwa bandeji.

"Mama huyu aliona tangazo la dawa ya macho, akainunua," askari alimwambia baba. "Dawa ni feki. Tangazo limetoka kwenye intaneti ya nyumba hii, na laini ina jina lako."

"Mimi?" Baba alikuwa bado na gundi mikononi. "Afande, mimi nauza vitanda. Dawa nitaitoa wapi?"

"Utayaeleza kituoni. Vaa shati."

Nje ya dirisha alisimama Bwana Taratibu. Alimtazama msichana, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu kama kawaida yake. Tabasamu hilo lilimtisha kuliko askari. Baba alichukua shati, akalivaa, na kifungo cha kwanza kikamshinda.

"Baba, usiende!" Sauti ilimtoka kabla hajajipanga. "Ni mimi!"

Alilisogeza kabati, akang'oa kisanduku, akakiweka mezani na kueleza yote huku analia. Alipoonyesha dirishani, hapakuwa na mtu.

Askari aliyebaki langoni alimdaka Bwana Taratibu akitoka na begi. Ndani yake mlikuwa na chupa za dawa alizojaza mwenyewe na orodha ya nyumba kumi na moja. Mbele ya kila nyumba aliandika umri wa mtoto wa humo. Orodha ilipowekwa mezani, msichana aliitafuta nyumba yao, akasoma: "Miaka kumi na miwili. Hasemi."

Alimwomba msamaha yule mama.

"Daktari anasema jicho litapona," mama alijibu bila kumtazama. "Tunasubiri."

Wageni walipoondoka, baba alilirudisha kabati mahali pake. Hakumpiga.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "umechelewa kusema, lakini umesema, na ndiyo maana niko hapa. Sasa nisikilize. Mtu mzima akikuomba kitu, kisha akakuomba umfiche mzazi wako, ujue hapo hapo kwamba anakuibia. Usingoje kujua anaiba nini."